"Nasoma lakini haviingii": kutafuta hitilafu ilipo kabla ya mtihani

Kila msimu wa mitihani naletewa lalamiko lilelile, karibu kwa maneno yaleyale: "Shikamoo mwalimu. Nasoma sana, lakini haviingii." Nikishaitikia marahaba huwa nauliza swali moja tu: "Umejuaje kwamba haviingii?" Hapo mtu hukwama. Mmoja atasema amerudia mada nzima mara tatu, mwingine atanifungulia daftari nione lilivyojaa. Anayenijibu kwa kipimo ni nadra.

Fundi redio akiletewa redio iliyonyamaza haanzi kwa kubadilisha spika. Huangalia kama umeme unafika, kisha huufuata kipande kwa kipande mpaka akute ulipokatikia. Mwanafunzi anapoona mambo hayaendi hufanya kinyume chake: huongeza saa za kusoma. Ni kama kuongeza umeme kwenye waya uliokatika. Akikesha mara mbili zaidi kwa njia ileile iliyomwangusha, anachovuna ni macho mekundu.

Ulichosoma hupita mahali pane kabla hakijawa alama. Lazima kiingie, kikae, kitoke unapokihitaji, na mwisho kiandikwe namna anayoitaka msahihishaji. Hitilafu inaweza kuwa popote hapo. Kwa niliyoyaona, wengi wanaosema "haviingii" vimeingia vizuri tu. Havitoki.

Kipimo cha kwanza

Chagua mada moja uliyoisoma wiki hii, ile unayoamini unaijua. Weka kitabu na daftari chumba kingine, maana mkono hauaminiki vikiwa karibu. Chukua karatasi tupu, tazama saa, na kwa dakika 10 andika kila unachokumbuka: maana, hatua, sababu, mifano, michoro. Usijali mpangilio. Ukikwama usiinuke, kaa na huko kukwama kwa dakika moja nzima, kwa sababu mengine hutoka kwa kuchelewa. Kisha leta kitabu, na kwa kalamu ya rangi nyingine jaza yaliyokosekana.

Sasa soma karatasi yako kama daktari anavyosoma majibu ya maabara.

Ikiwa uliandika machache, na ulipofungua kitabu ukasema "aah, hili nilikuwa nalijua", yameingia lakini hayatoki. Nenda dalili ya kwanza. Ikiwa siku uliyosoma ungeweza kuyaandika na leo yamefutika, hayakai. Hiyo ni dalili ya pili. Ikiwa hata kitabu kikiwa wazi mbele yako maneno yanapita tu bila kushika, hayajaingia kabisa: dalili ya tatu. Na kama karatasi imejaa mambo sahihi lakini alama zako bado ni za kusikitisha, ruka mpaka dalili ya nne na ya tano. Mtu anaweza kuwa na mbili kwa pamoja. Shughulikia kwanza inayotangulia katika mlolongo ule wa kuingia, kukaa, kutoka na kuandikwa. Hakuna maana ya kuhangaikia kutoka kwa kitu ambacho hakijaingia.

Dalili ya kwanza: nikisoma naelewa, nikifunga kitabu sina kitu

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, hasa wenye bidii, kwa hiyo nitakaa nayo.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na daftari la biolojia lililokuwa fahari yangu. Maana za maneno nilizipaka hailaita ya njano, hatua za kijani, majina ya waridi, na chochote mwalimu alichokirudia mara mbili nilikipigia mstari mwekundu. Lilipokaribia kuisha lilikuwa na rangi kuliko kanga. Nililisoma mara nyingi mpaka nikajua kila kitu kilipo. Kwenye mtihani likaja swali la safari ya damu ndani ya moyo. Niliuona ukurasa kichwani: upande wa kushoto, chini kidogo, mchoro ukiwa na mishale ya buluu na myekundu. Nilijua hata doa la wino lilikuwa wapi. Mishale ilielekea wapi, sikujua.

Chanzo chake ni kwamba kutambua si kukumbuka. Sura ya mtu unaweza kuitambua sokoni mara moja, na jina lake likakataa kuja mpaka ufike nyumbani. Kusoma tena ukurasa uleule hukuza kutambua. Mara ya nne maneno yanateleza, macho hayakwami popote, na akili inatafsiri huko kuteleza kuwa ni kujua. Mtihani hautaki utambue, isipokuwa maswali ya kuchagua, na hata hayo hutungwa kwa majibu yanayofanana ili kumnasa anayetambua tu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Jingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika lililokumbuka bila kukitazama tena. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojipima walibaki na 61. Walipoulizwa mapema wanatarajia kukumbuka kiasi gani, waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi. Hapo ndipo mtego ulipo. Njia mbovu inakupa raha usiku wa kusoma, njia nzuri inakufanya ujione mjinga.

Dawa yake ni kubadili uwiano. Ukisoma kwa dakika 20, tumia zisizopungua 20 ukiwa umefunga kitabu. Namna ni nyingi, chagua unayoiweza.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni ya pambizo. Unaposoma, usiandike muhtasari. Andika maswali pembeni mwa daftari. Badala ya kuandika "damu yenye oksijeni hutoka mapafuni", andika "damu ikitoka mapafuni huingia chumba gani cha moyo, na kisha?" Siku ya pili funika maandishi kwa karatasi, acha maswali yaonekane, ujibu kwa sauti. Ukiwa na maswali 12 kwa mada unajua kabisa umeshindwa mangapi, na unarudia hayo tu.

Ya pili ni kumfundisha mtu, hata kama mtu huyo ni ukuta. Sikiliza unapoanza kugugumia. Nilimwambia kijana mmoja anieleze hiyo safari ya damu. Akaanza kwa mbio: "Damu inatoka mwilini, inaingia chumba cha juu kulia, inashuka cha chini kulia, inaenda mapafuni kuchukua oksijeni, halafu inarudi... inarudi..." Akatazama dari. Akasema, "Halafu inaenda mwilini." Ameruka chumba cha juu kushoto na cha chini kushoto, nusu nzima ya moyo. Alikuwa amesoma mada hiyo asubuhi ile na angekuapia kwamba anaijua. Sekunde 15 za kueleza zilimwonyesha shimo ambalo saa mbili za kusoma zilikuwa zimelifunika.

Ya tatu ni kadi: swali mbele, jibu nyuma. Kadi ni nzuri kwa istilahi, kanuni, tarehe na msamiati, lakini zina ugonjwa wake. Watu hutazama swali, huhisi "nalijua hili", na kugeuza. Hapo umerudi kulekule kwenye kutambua. Sema jibu lote, au liandike, ndipo ugeuze. Na kadi moja ibebe jambo moja. Kadi yenye swali "Eleza vyanzo vya vita" nyuma ikiwa na mistari 14 ni daftari lililokatwa vipande.

Hailaita si dhambi. Ubaya wake ni kwamba inakuacha na hisia ya kazi iliyofanyika. Paka baada ya kujipima, si kabla, na upake ulichokosa peke yake.

Dalili ya pili: wiki iliyopita nilijua, leo sikumbuki hata kichwa cha mada

Kusahau si ulemavu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akijifanyia majaribio yeye mwenyewe, na mwaka 1885 alichapisha matokeo. Alipima ni kiasi gani cha kazi anachookoa anapojifunza upya orodha ileile. Baada ya dakika kama 20 aliokoa asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja 34, na baada ya mwezi kama 21. Silabi tupu husahaulika haraka kuliko somo lenye maana, kwa hiyo tarakimu zenyewe usizichukue kama zako. Tazama umbo lake: sehemu kubwa inamwagika mwanzoni kabisa, kisha mmwagiko unapungua kasi.

Kwa hiyo ukisoma mada Jumatatu na kuirudia mwezi ujao, utaikuta imeshakwenda. Ukiirudia Jumanne kwa dakika 10, tena mwisho wa wiki, tena wiki mbili baadaye, kila rudio linaichelewesha kumwagika. Chanzo cha dalili hii basi mara nyingi si kichwa kibovu, ni ratiba: saa tano za historia siku moja, kisha historia haiguswi tena mpaka mtihani. Saa hizohizo tano zikigawanywa katika siku tano huzaa zaidi, bila kuongeza hata dakika moja.

Ratiba nyepesi ni hii: siku ya 1 unasoma, siku ya 2 unajipima, siku ya 5 unajipima, siku ya 12 unajipima, na mara moja tena siku chache kabla ya mtihani. Tarakimu hizo si takatifu. Kama mtihani uko baada ya wiki mbili, zibane; kama uko baada ya miezi minne, zitanue. Kinachotakiwa ni kurudi pale mambo yanapoanza kufifia, si yakiwa bado moto na si yakishakufa.

Anayetumia kadi anaweza kufuata masanduku ya Sebastian Leitner, mwandishi aliyeueneza utaratibu huo miaka ya 1970. Kadi zote huanzia sanduku la kwanza, linalopitiwa kila siku. Ukiijibu sawa inahamia sanduku la pili, linalopitiwa kila baada ya siku mbili tatu, kisha la tatu, mara moja kwa wiki. Ukiikosa, popote ilipo, inarudi la kwanza. Masanduku yenyewe yanaweza kuwa bahasha, au hata raba bendi tatu. Uzuri wake ni kwamba unaacha kupoteza muda kwa yale unayoyapenda kuyarudia kwa sababu unayajua.

Na kama umechelewa? Mtihani kesho kutwa na mada saba hujazigusa? Sitakudanganya kwamba kugawanya muda kutakuokoa. Chagua mada tatu zinazobeba alama nyingi kwenye karatasi za miaka iliyopita, zisome na ujipime, uache nne zilizobaki. Mwenye kuzigusa zote saba juu juu huishia kutambua maswali yote bila kuyajibu.

Dalili ya tatu: saa tatu mezani, kurasa mbili

Hapa vyanzo ni vingi, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Kwa hiyo pima tena. Weka karatasi kando ya kitabu, na kila unapogundua akili imetoka, tia nukta na uandike neno moja: ilikwenda wapi? Fanya hivyo kwa nusu saa.

Nukta nyingi zikiandikwa "simu", umeshapata jibu, na huhitaji mwandishi wa kukuambia la kufanya. Naongeza hili tu: kuigeuza kifudifudi juu ya meza haitoshi kwa watu wengi. Itoke chumbani.

Zikiandikwa "kuchoka" au "usingizi", tazama saa unazosoma. Kuna mtu anayesoma fizikia saa nne usiku kwa sababu ndivyo rafiki yake anavyofanya, na yeye mwenyewe hung'aa alfajiri. Gawanya muda vipande vya dakika 25 hadi 40 na mapumziko mafupi ya kusimama na kutembea, si ya kuingia kwenye video fupifupi zisizokuwa na mwisho.

Zikiwa hazina jina, akili inaelea tu, mara nyingi kazi yenyewe haina mwisho. "Leo nasoma kemia" si kazi. Huwezi kujua umeimaliza lini, kwa hiyo akili haioni sababu ya kuanza. "Nitajibu maswali sita ya asidi na besi bila kufungua kitabu" ni kazi. Ina mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Chanzo cha nne ndicho kinachosahauliwa, na mara nyingi ndicho kinachomfanya mtoto aitwe mvivu: msingi haupo. Akili hutoroka kwa sababu kila mstari unadai kitu ambacho hakuwahi kukipata. Anayehangaika na milinganyo ya aljebra mara nyingi hana tatizo na aljebra. Ana tatizo na sehemu na namba hasi, mambo ya miaka mitatu nyuma. Namna ya kulithibitisha ni kurudi nyuma hatua moja moja. Chukua kitabu cha darasa la chini yake, jibu maswali matano ya mada inayotangulia. Ukishindwa, rudi tena. Utakapofika mahali unapojibu bila kuhangaika, hapo ndipo pa kuanzia. Inauma kushika kitabu cha mwaka juzi wakati wenzako wako sura ya mwisho, lakini siku nne huko chini zinaweza kukuokolea muhula mzima huku juu.

Ndugu ya hilo ni lugha. Anayesomea somo kwa lugha asiyoimudu anabeba mizigo miwili. Akishindwa, tunasema hajui baiolojia, kumbe hajui kitenzi kilichotumika kwenye swali. Huyu atengeneze kadi za msamiati wa somo kabla ya kadi za somo lenyewe, na aelezee mada kwa lugha yake kwanza, kisha kwa lugha ya mtihani.

Dalili ya nne: hesabu za daftarini napata zote, mtihanini nakwama

Fungua daftari lako la mazoezi utazame yamepangwaje. Bila shaka utakuta maswali 20 ya asilimia, kisha 20 ya uwiano, kisha 20 ya mwendo kasi. Ukishafanya mawili ya kwanza huhitaji kufikiri tena. Unajua njia ni ileile, unabadilisha namba. Mtihani hauna kichwa kinachosema "hili ni la uwiano". Sehemu ngumu ya swali, yaani kujua ni la aina gani, hukuwahi kuifanyia mazoezi hata siku moja.

Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walionyesha hili mwaka 2007 kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Waliofanya mazoezi aina moja baada ya nyingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa walipata 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, waliochanganyiwa walipata 63. Wale wa kwanza walishuka hadi 20.

Tuchukue mfano. Bei ya kitu imepunguzwa kwa asilimia 20, sasa ni 480. Bei ya awali ilikuwa ngapi? Aliyetoka kufanya maswali 20 ya "tafuta asilimia 20 ya kadha" atachukua 480, apate 96, ajumlishe, aandike 576. Hesabu zake zote ni safi na jibu si sahihi. Asilimia 20 ilitolewa kwenye bei ya zamani, si kwenye 480. Hizi 480 ni asilimia 80 ya bei ya awali, kwa hiyo 480 gawanya kwa 0.8, jibu ni 600. Kosa la namna hii halitibiwi kwa maswali mengine 20 ya aina ileile. Linatibiwa kwa kusimama kabla ya kukokotoa na kujiuliza: asilimia ya nini?

Kwa hiyo changanya. Andika maswali ya mada nne kwenye vikaratasi, yatie kwenye mfuko, toa moja moja. Zoezi jingine ninalolipenda zaidi ni la kutokokotoa kabisa: chukua maswali 15, na kwa kila moja andika tu aina yake na hatua ya kwanza. Dakika 20 zinatosha. Utakosea mwanzoni kuliko ulivyozoea, na utatamani kurudi kwenye mpangilio wa zamani. Usirudi.

Dalili ya tano: nilijibu yote, alama zikaja chache

Kaa na karatasi iliyosahihishwa. Najua hakuna anayependa; wengi hutazama alama, hukunja, hutia kwenye begi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Karatasi hiyo ndiyo kipimo bora zaidi utakachopata, na umeshailipia kwa jasho.

Kila alama uliyopoteza ipe herufi. S, sikujua. H, nilijua lakini nilihitilafiana na swali, sikulisoma vizuri. K, kosa la kukokotoa au tahajia. M, muda uliisha. Hesabu herufi. Nimeona mwanafunzi aliyeamini anahitaji kusoma upya mada zote akigundua kuwa zaidi ya nusu ya alama alizopoteza zina H. Huyo hakuwa na deni la kusoma, alikuwa na deni la kusikiliza swali.

H nyingi hutokana na kitenzi cha swali. "Taja" linataka majina, na anayeandika aya mbili hapo amejiibia muda. "Eleza" linataka namna au sababu. "Linganisha" linadai pande zote mbili kwa kila hoja, si aya ya upande huu na aya ya upande ule zisizosalimiana. "Jadili" linataka hoja za kuunga na za kupinga, kisha msimamo wako. Kabla ya kujibu, zungushia kitenzi duara, na uzungushie idadi: "sababu mbili" ni mbili, ya tatu haina malipo.

M nyingi? Piga hesabu kabla ya kuingia. Mtihani wa dakika 120 wenye alama 100: toa 10 za kusoma maswali na 10 za kupitia, unabaki na dakika moja kwa alama. Swali la alama 6 likifika dakika ya 9, liache nafasi, songa mbele. Alama mbili za mwisho za swali moja huwa ghali kuliko alama mbili za mwanzo za swali linalofuata.

Karatasi za miaka iliyopita ndizo shule ya haya yote, ila watu wengi huzisoma badala ya kuzifanya, swali mkono huu na majibu mkono ule. Keti, weka saa, andika, kisha ndipo usahihishe kwa mwongozo. Ukizisoma tu, umepata dalili ya kwanza kwa njia nyingine.

Dalili ya sita: nilipogeuza karatasi, kila kitu kilitoweka

Kwanza tenganisha mawili. Kama maswali yale yale ukiwa nyumbani, kitabu kimefungwa, huwezi kuyajibu pia, hiyo si hofu. Ni dalili ya kwanza imevaa nguo za hofu. Kama nyumbani unajibu na chumba cha mtihani kinakunyang'anya, basi ni hofu kweli.

Hofu inakula nafasi ileile ya akili unayoitumia kushikilia namba na hatua unapofikiri, na nafasi hiyo ni ndogo. Kadiri inavyojaa "nitafeli, nitasemaje nyumbani", ndivyo hatua ya tatu ya hesabu inavyokosa pa kukaa. Kumwambia mtu "usiogope" kunaongeza tu mawazo mengine ya kushikilia.

Kinachosaidia ni kuizoesha hali yenyewe. Fanya angalau mitihani mitatu kamili nyumbani, kwa saa, kwa ukimya, mezani si kitandani, bila kuinuka. Siku yenyewe inakuwa ya nne. Wapo pia wanaosaidiwa na kuandika wasiwasi wao kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya kuingia; Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha matokeo ya kutia moyo kuhusu hilo mwaka 2011. Ukishaingia na kichwa kikakataa, usipigane na swali la kwanza. Tafuta jepesi, lijibu, mkono uanze kuandika. Na kama moyo unakwenda mbio kiasi cha kushindwa kupumua, au huli na hulali kwa siku kadhaa, hilo limevuka mbinu za kusoma. Mwone mshauri wa shule au daktari.

Dalili ya saba: nilikesha, na bado

Ulikesha, ndiyo sababu. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyaimarisha uliyojifunza mchana, na vijana wa miaka 14 hadi 17 wanahitaji saa 8 hadi 10. Kahawa ya saa mbili usiku haisaidii, maana kwa mtu mzima nusu ya kafeini yake hubaki mwilini kwa takriban saa 5. Usiku wa mwisho pitia maswali uliyokuwa ukiyakosa, panga kalamu, lala.

Lisilo ugonjwa

Mara kwa mara naambiwa, "Mimi ni mtu wa kusikia, siwezi kujifunza kwa kusoma." Kuwa na upendeleo ni sawa. Ila wazo kwamba kila mtu ana mtindo wake na atajifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo huo lilipitiwa na Harold Pashler na wenzake mwaka 2008, wakakuta ushahidi wa kutosha haupo. Ramani ya mito inahitaji macho hata kwa mpenda kusikia, na matamshi ya lugha ngeni yanahitaji masikio hata kwa mpenda picha. Usitumie miezi kutafuta mtindo wako. Funga kitabu.

Kama hakuna dalili inayolingana na yako

Umejipima, unagawanya siku, simu iko mbali, unalala, na bado mistari inaruka au kichwa kinauma kila ukisoma nusu saa. Niliwahi kumsimamia binti aliyekuwa hodari wa kujibu kwa mdomo na dhaifu wa kuandika. Tulijaribu kadi, tukajaribu ratiba, tukalaumu uzembe. Siku moja nikamwona anasogeza karatasi ya maswali mpaka inakaribia kugusa pua, anasoma swali, anairudisha, anasahau, anaisogeza tena. Nilikuwa nimekaa naye meza moja kwa wiki sita. Alipopimwa macho alipewa miwani siku ileile.